Tundu la Ukubwa wa Mbaazi

Mama alikuwa anasafiri kesho yake alfajiri, na alitaka kitu kimoja tu kutoka kwangu: picha moja, ya kamera, yenye yeye na sisi wanawe wote, na nyumba yetu nzima ikionekana nyuma. "Isiyo na ukungu," alisema, kama mtu anayeagiza chai isiyo na sukari.

Nikamjibu, "Hiyo tu, mama? Hiyo ndogo sana," nikacheka, nikaingia chumbani, nikafunga mlango. Nilikaa kitandani na kamera mapajani. Kamera yangu wakati ule ilikuwa haiwezi kupiga kitu kingine isipokuwa ukungu.

Kamera yenyewe ilitokana na nguruwe. Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo ambayo nyumbani hatuyazungumzii, nilisema nataka kuwa mpiga picha, na hakuna aliyecheka isipokuwa mdogo wangu anayenifuata. Mama hakucheka. Alimtoa nguruwe wake jike, yule mwenye sikio lililochanika, ambaye alikuwa amebakiza wiki chache azae, akamuuza. Nikapata kamera ya mtumba. Baadaye ile lenzi ndogo iliyokuja nayo nikaibadilisha na mtu wa mjini, akanipa lenzi moja ya zamani, ya chuma, nzito kama kitasa cha kanisani. Haivuti mbali wala karibu. Ukitaka mtu awe mkubwa, unamfuata kwa miguu.

Lakini ilikuwa na tundu kubwa, jamani. Ndani ya lenzi kuna vibati vyeusi vyembamba vilivyopangwa duara. Ukizungusha pete ya nje, vinajikunja kuelekea katikati na tundu linapungua. Ukiirudisha, vinajificha pembeni na tundu linabaki wazi. Likiwa wazi kabisa, mwanga unamiminika, na kinachotoka safi ni kile tu ulichokilenga. Kilicho mbele yake kinayeyuka, kilicho nyuma yake kinayeyuka. Ukimsogelea mtu, nyuma inayeyuka zaidi, na ukimtoa mbali na ukuta, inayeyuka kabisa. Ukilibana tundu, mwanga unapungua, lakini vya karibu na vya mbali vyote vinatulia, kila kimoja mahali pake.

Mimi sikuwa nalibana. Kwa nini nilibane? Kwetu Lizaboni, uani, kuna matofali ya kuchoma ambayo hayajawahi kuona lipu, kuna mabeseni, kuna kamba ya nguo, kuna banda la nguruwe. Nafungua tundu lote, namweka msichana wa watu mbele ya mparachichi, na banda linageuka wingu la rangi ya kahawa ya maziwa, na mwanga unaopenya kwenye majani unakuwa vimiduara vinavyoelea nyuma ya kichwa chake. Wasichana wa mtaani walikuja na nguo za kuazima. "Dada, nifutie banda." Nalifuta. "Dada, na zile soksi kwenye kamba." Nazifuta. Niliota nitafungua studio, ukutani nitaandika kwa rangi: Hapa Tunafuta Nyuma.

Mama peke yake ndiye hakupenda. Picha ya kwanza niliyompiga, kitenge kichwani, amecheka mpaka jino la dhahabu linaonekana, aliishika akaigeuza geuza.

"Hapa nilipo ni wapi?"

"Ni hapa hapa nyumbani, mama. Pale karibu na kamba."

"Nyumba iko wapi?"

"Ndiyo hiyo. Hiyo rangi ya kahawia."

"Umenizamisha kwenye uji," akasema. Aliichomeka hivyo hivyo kwenye fremu ya kioo chake, akawa anawaonyesha wageni: "Huyu ni mimi, na huu ni uji wa mwanangu."

Mvua za kwetu mnazijua, hazina haraka ya kuondoka. Nguo haikauki, kiatu kinaota kuvu. Nilikuwa nimemwambia mama kwamba kuvu likiingia kwenye lenzi, lenzi imekufa. Basi nilipokwenda upande wa Namtumbo kumsaidia mama mdogo shambani, niliiacha kamera kabatini, na mama akawa analala akiiwaza. Akafanya alichojua. Jikoni kwetu, juu ya mafiga, kuna kichanja ambako mahindi ya mbegu hukaa kwenye moshi, na tangu nizaliwe sijaona mbegu ya mama ikiota kuvu. Msimu ule mbegu zilikuwa zimeshakwenda ardhini, kichanja kiko tupu. Alipanda juu ya kigoda, na tumbo lake lile ambalo lilikuwa limeshaanza kuvimba upande mmoja, akaiweka kamera pale, ameifunga kwenye kanga yake ya kwendea kanisani. Kila siku akapika chini yake.

Nilirudi nikaikuta inanuka kama nyama ya kukausha.

"Umeona?" mama alisema, anang'aa. "Kavu kama mfupa!"

"Asante sana, mama," nikasema. Nilimaanisha. Hata leo namaanisha.

Nilijua kuna tatizo nilipoona vile vimiduara vya mwanga. Nikilibana tundu kidogo, kwa kuchezea tu, huwa vinapata pembe sita, kwa sababu vibati vya ndani ni sita. Sasa nazungusha pete mpaka mwisho na bado vinatoka duara safi. Nikachungulia ndani. Joto la moto lilikuwa limeyeyusha grisi ya lenzi ikatambaa juu ya vibati, vikanata pembeni. Tundu lilikuwa wazi kabisa na halifungi tena. Mwenye studio ya mjini aliitikisa karibu na sikio lake, akasema, "Hii inafunguliwa Dar, dada. Au inatupwa." Sikumwambia mama. Wateja wangu wote walitaka nyuma ifutwe, kwa hiyo hakuna aliyegundua.

Halafu madaktari wa hapa wakasema uvimbe wa tumboni ukatolewe hospitali kubwa, mbali, na usichelewe. Mama mdogo akaja kumsindikiza. Ndipo mama akaagiza picha yake.

Najua mnachofikiri. Hata mimi nilikifikiri. Simu yangu kioo cha kamera kilikuwa kimepasuka, kila mtu anatoka na mstari mweupe usoni, lakini ningeweza kuazima ya jirani. Lenzi ya simu ni ndogo, na tundu lake ni dogo zaidi, ndiyo maana simu inaona vyote, vya mbele na vya nyuma. Nilimweleza mama hivyo, kwa sauti ya mtaalamu.

"Picha za simu sizitaki," akasema. "Simu yako ya kwanza ilizama chooni, na baba yenu yumo humo ndani."

Wadogo zangu waliangua kicheko, hata mama mwenyewe. Ni kweli. Picha zote za baba za mwaka wake wa mwisho zilikuwa kwenye simu ile.

"Halafu," mama akaongeza, "nguruwe wangu hakuwa simu."

Basi nikatoka chumbani. Mama alikuwa ameshakaa kwenye kiti katikati ya uwanja, shuka la kimasai mabegani, maana baridi ya siku ile ilikuwa na manyunyu ya kuja na kuondoka. Wadogo zangu wawili, wote wa kike, wamesimama huku na huku. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ua wa mianzi ili nyumba iingie yote. Nikalenga uso wa mama: mama safi, nyumba uji. Nikalenga nyumba: nyumba safi, mama uji. Nikamhamishia ukutani kabisa, na wote wakatoka safi kwa pamoja, lakini kilichoonekana ni matofali matupu. Jiko halimo. Mparachichi haumo. Banda halimo.

"Nionyeshe," alisema kila mara. Namwonyesha. "Bado. Mimi hapo nimefungwa gerezani."

Nilikwenda nyuma ya jiko nikafanya mambo ambayo fundi yeyote akisikia atalia. Niliitikisa lenzi. Niliipasha joto kwa mwali wa mshumaa, nikidhani grisi iliyoyeyuka itayeyuka tena iondoke. Niliingiza njiti ya kiberiti kutoka nyuma, nikavigusa vile vibati, vikakaa kimya. Nikachuchumaa pale, nikalia bila sauti, kamasi zinashuka, huku nasikia upande wa pili mama akiwaambia wadogo zangu funguo za stoo zinakaa wapi, na maharage yapi yaliwe kwanza. Mtu anayesema atarudi baada ya wiki mbili haelezi maharage kwa kirefu namna ile.

Nilinawa uso kwenye pipa la mvua nikarudi. Mama alikuwa anatazama njiani. Amekunja ngumi, ameiweka jichoni kama darubini, anachungulia kwenye kitundu kilichobaki katikati ya vidole.

"Yule si mama mdogo wenu anarudi na maandazi?"

Alikuwa ndiye, bado yuko mbali, kwenye kona ya duka. Ngumi hii ya mama tumeicheka maisha yetu yote. Haoni vizuri mbali, miwani hana, kwa hiyo anakunja ngumi. Mdogo wangu wa mwisho anamuigiza kila Jumapili akitafuta nafasi kwenye benchi la kanisa.

"Mama," nikasema, "ukikunja hivyo unaonaje?"

"Naona."

"Unaonaje? Na usipokunja?"

"Nisipokunja mtu anakuwa mnene, hana kingo. Nikikunja, anakuwa mwembamba, anarudi kwenye nguo zake. Giza kidogo, lakini ni yeye." Akanitazama. "Umelia wewe."

"Moshi."

"Moshi gani, jiko halijawashwa?"

Nilikuwa nimeshaweka jicho kwenye kamera, na mkono wa kushoto nimeukunja mbele ya lenzi, vile vile kama yeye. Mbele yangu kukawa giza. Halafu ndani ya lile giza, nyuma ya bega la mama, kitu cha kahawia kikaanza kupata mistari. Matofali. Niliona tofali moja moja. Nikapiga kelele, kuku wakakimbia.

Kama tundu la ndani haliwezi kufungwa, nitaweka tundu jingine nje. Nilichukua boksi la vidonge vya mama vya maumivu, nikakata duara la kutosha mdomo wa lenzi, katikati nikazungusha ncha ya mkasi polepole mpaka likapatikana tundu la ukubwa wa punje ya mbaazi. Nikalipaka masizi ya sufuria lisirudishe mwanga. Nikalibandika kwa plasta.

"Mnh," alisema mama mdogo, ambaye alishafika na maandazi. "Kamera imefunga kidonda."

Shida haikuishia hapo. Mwanga ukipita kwenye punje ya mbaazi unakuwa kidogo, na siku ilikuwa ya mawingu, kwa hiyo kamera ilitaka muda. Siyo kufumba na kufumbua. Ilitaka watu watulie kama wanasikiliza hatua za mwizi. Na pembe za picha zilikuwa zinaingia giza, kwa sababu boksi lilikuwa linakata mwanga wa pembeni. Nikawaambia wadogo zangu wasogee kwa mama, wasogee zaidi, mpaka wakawa wamemkumbatia.

"Na wewe uwemo," mama akasema.

Nikaleta kinu, nikakipindua mdomo chini, nikaweka kanga iliyokunjwa juu yake, na kamera juu ya kanga. Nikaitega ijipige yenyewe. Kitaa kinamweka, unakimbia. Mara ya kwanza niliteleza kwenye tope nikapiga goti, na kwenye picha ile mimi ni mgongo tu. Mama mdogo alicheka mpaka akashikilia ua. Mara nyingine mdogo wangu alipiga chafya. Nyingine, mama mdogo mwenyewe alipita mbele akimfukuza jogoo.

"Dada yangu, wewe nawe," mama akamwambia, "hata kupigwa picha hutaki, mbele umo."

Wingu lilikuwa linashuka. Upande wa milimani kulikuwa kweusi tayari. Nilitega tena, nikakimbia, nikapiga magoti pembeni ya kiti, nikamshika mama mkono. Kitaa kinamweka haraka haraka. "Sasa," nikanong'ona, "asitikisike mtu." Nilisikia kamera ikifunguka. Na katikati ya ule muda, kabla haijafunga, mkono wa mama ulinibana mpaka vidole vikalia. Maumivu yalikuwa yamekuja. Alijikaza, hakutoa sauti, lakini mwili ulijikunja mbele kidogo, ukarudi. Kamera ikafunga. Mvua ikashuka yote kwa pamoja.

Tulimwingiza ndani. Nilifuta kamera kwa kanga, nikafungua picha. Ilikuwa safi kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga. Matofali. Ufa wa dirishani wenye umbo la mto. Beseni la bluu lenye kiraka. Kamba, na zile soksi. Mlango wa jiko uko wazi, na ndani unaona mpaka kichanja. Mparachichi jani kwa jani. Pua ya nguruwe kati ya mbao za banda. Wadogo zangu safi. Mimi safi, na tope gotini. Na katikati yetu, kwenye kiti, uso wa mama ulikuwa umefutika. Shavu limevutwa, macho hayapo, kama mtu aliyepitiwa na kitambaa chenye maji.

Nilikaa chini sakafuni. Nje hakukuwa na mwanga tena wa kupiga chochote, na mvua ile haikuwa ya kuisha leo. Nilikuwa nimefanikiwa kusafisha kila kitu duniani isipokuwa mama yangu.

"Mwonyeshe," mama mdogo akasema.

"Sitaki."

"Mwonyeshe, mwanangu. Ya kwake hiyo."

Mama aliishika kamera, akakunja ngumi, akachungulia kile kioo kidogo. Alikaa hivyo muda mrefu. Aligusa kwa ukucha. "Beseni langu. Huyu nguruwe ana njaa, nani kamlisha leo? Ufa ule baba yenu alisema atauziba." Akaendelea kutembea humo ndani, mlango hadi mlango.

"Lakini mama, wewe huonekani."

"Naonekana. Si nimekaa hapo?"

"Uso haupo."

"Uso ninao," akasema, akajigusa shavu. "Naubeba kwenda nao. Nyumba ndiyo siwezi kuibeba."

Nilipanda bodaboda na mvua ile kwenda mjini, kamera imefungwa kwenye mfuko wa mbolea, namwomba Mungu umeme usikatike. Mwenye studio alikuwa anashusha mlango. Aliponiona nilivyolowa, akaupandisha tena. Alitazama picha kwenye kompyuta yake.

"Dada, huyu wa katikati ametikisika. Nimkate, nibakize hawa?"

"Usikate kitu," nikasema, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka. "Samahani, kaka. Usikate kitu chochote."

Alfajiri, stendi, kulikuwa na giza lile la bluu, taa za mabasi na za vibanda vya chai zimewaka. Mama alikaa dirishani, mama mdogo pembeni yake, bahasha ya picha iko kifuani ndani ya blauzi. Wadogo zangu walikuwa wameshaanza kulia. Nikanyanyua kamera. Na boksi likiwepo ningeona nini kwa mwanga ule? Nikalibandua. Tundu likawa wazi lote, lile tundu lililoharibika, na mwanga mdogo wa stendi nzima ukaingia. Nikamsogelea mpaka karibu, nikamlenga jicho.

"Utulie, mama."

"Nimetulia. Nimemeza vidonge."

Nikapiga. Kope zake zimo, moja moja. Jino la dhahabu limo. Alama ya ndui juu ya nyusi imo. Nyuma yake hakuna basi, hakuna abiria, hakuna mji, kuna vimiduara vya njano vinavyoelea.

"Umelifuta basi?" akauliza.

"Nimelifuta lote."

"Lirudishe basi, nitaendaje?" Akacheka, na basi likaondoka anacheka hivyo, ngumi iko jichoni, anatutafuta.

Sasa ni wiki ya nne. Upasuaji umesogezwa, ukasogezwa tena, kwanza damu, halafu presha. Mama mdogo anapiga jioni, na akisema "anaendelea," nasikiliza lile neno mpaka mwisho wake kutafuta kilichojificha. Picha ya dirishani siitazami kila siku. Naogopa kuizoea. Nawapiga wasichana wa mtaani, nafuta banda, nafuta soksi, narudi ndani.

Jana alipewa simu aongee mwenyewe. Sauti ilikuwa nyembamba, inatoka mbali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hii picha manesi wote wameshaijua. Wananiuliza jina la nguruwe."

"Umewaambiaje?"

"Nimewaambia huyo ni ndugu wa kamera." Akapumua, pumzi ya kukusanya nguvu. "Sikiliza. Mlango wa jiko hapa naona uko wazi. Kila nikitazama uko wazi. Mbwa wa watu wataingia. Mmeufunga?"

Nilikuwa nimesimama uani na niliuona kwa macho yangu. Ulikuwa wazi.

"Tumeufunga, mama," nikasema, nikaanza kukimbia kwenda kuufunga.